Aliyeshindwa kesi akamtafutia jaji kiti: kisa cha Caperton na Massey, West Virginia

Kila ikija mada ya majaji wa Marekani kupigiwa kura, watu wanakimbilia swali moja, eti mwananchi wa kawaida ana uwezo gani wa kumpima jaji. Mimi naona hilo sio swali lenyewe. Swali lenyewe ni hili: mtu akishamsaidia jaji kupata kiti halafu kesi yake ikafika mbele ya jaji huyohuyo, nani anaamua jaji akae au ajitoe? Kuna kisa kimoja cha West Virginia kinalijibu hili kwa maumivu kabisa, na nataka nikisimulie toka chini ya mgodi, maana wengi wanaanzia kwenye uchaguzi na hapo wanakuwa wameshapitwa na nusu ya habari.

Hugh Caperton alikuwa na kampuni ndogo ya makaa ya mawe, Harman, mgodi wake uko Buchanan County, jimbo la Virginia, kule milimani jirani na West Virginia. Makaa yake yalikuwa ya ile aina nzuri inayotumika kutengeneza chuma. Alikuwa na mkataba wa muda mrefu na kampuni ya Wellmore, yeye anawauzia Wellmore, Wellmore wanawauzia LTV, kiwanda cha chuma cha Pittsburgh. Biashara inaenda, wachimbaji wanalipwa. Mwaka 1997 ikaingia Massey, kampuni kubwa ya makaa ya West Virginia chini ya bosi wake Don Blankenship, ikainunua kampuni mama ya Wellmore na Wellmore yenyewe ikawa mali yao. Walichokuwa wanakitaka hasa ni yule mteja, LTV, waache makaa ya Harman wachukue ya Massey. LTV wakagoma, wakaenda kutafuta makaa kwingine. Sasa Massey wamebaki na mkataba unaowalazimisha kununua mzigo wa Harman na mteja hawana.

Desemba 1997 wakautoa kile kifungu cha mkataba cha jambo lililo nje ya uwezo wa binadamu, kile watu wanachokitumia mafuriko yakija au vita ikizuka, wakasema kwa sababu LTV ameondoka basi na sisi tunapunguza manunuzi. Kwa kampuni ndogo kama Harman, hiyo ni kukatwa shingo. Na huku nyuma wakawa wanajadiliana na Caperton wamnunulie mgodi, kwenye hayo mazungumzo wakaona mahesabu yake ya siri yote, halafu wakanunua ukanda mwembamba wa ardhi yenye makaa unaouzunguka mgodi wake ili mnunuzi mwingine yeyote akija auone hauna maana, na siku za mwisho kabisa dili likafa. Mwaka 1998 Harman ikafilisika.

Agosti 2002 juri ya Boone County, West Virginia, yaani raia wa kawaida wa kaunti ya wachimba makaa, wakakuta Massey walidanganya, walificha ukweli na waliingilia mikataba ya mwenzao kwa makusudi. Fidia: dola milioni 50. Massey wakapambana na ile hukumu kwenye mahakama ileile ya chini, Juni 2004 jaji akawakatalia. Rufaa ikawa inakuja.

Na hapa kuna kitu cha kushika vizuri. West Virginia wakati ule haikuwa na mahakama ya rufaa ya kati. Ukitoka mahakama ya chini unapanda moja kwa moja kwenye mahakama ya juu ya jimbo, majaji 5, kila mmoja anachaguliwa kwa kura kukaa miaka 12, tena kwa tiketi ya chama siku zile. Kwa hiyo kama una hukumu ya milioni 50 shingoni, hatima yako iko kwa watu 5, na ukipata 3 umemaliza. Novemba 2004 kiti kimoja kati ya vile 5 kilikuwa kinagombewa. Warren McGraw, Democrat, alikuwa anatetea nafasi yake, na mpinzani wake alikuwa Brent Benjamin, Republican, wakili wa pale Charleston, mji mkuu wa jimbo, ambaye wananchi wengi walikuwa hawamjui.

Blankenship akaingia mchezoni. Sheria ya jimbo wakati ule ilisema mtu mmoja asimpe mgombea zaidi ya dola 1,000, akatoa hiyo elfu moja yake, safi kabisa. Halafu akamwaga karibu milioni 2.5 kwenye kikundi kinachojitegemea kinachoitwa And For The Sake Of The Kids, kwa tafsiri ya haraka ni Na Kwa Ajili ya Watoto, ambacho kazi yake ilikuwa kumpiga McGraw na kumpandisha Benjamin. Zaidi ya theluthi mbili ya hela zote za kile kikundi zilitoka kwa mtu huyu mmoja. Juu yake akatumia laki 5 na ushee za mfukoni kwake moja kwa moja kwenye matangazo ya tivii na magazeti na barua za kuchangisha. Jumla milioni 3. Ni zaidi ya walichotumia wafuasi wengine wote wa Benjamin wakijumlishwa, na mara 3 ya kilichotumiwa na kamati ya kampeni ya Benjamin mwenyewe.

Na tangazo lililoumiza kuliko yote halikugusa makaa hata kidogo. Lilihusu kijana mmoja aliyewahi kuhukumiwa kwa kumdhalilisha mtoto kingono, ambaye mahakama, kwa kura 3 dhidi ya 2, iliamua arudishwe kwenye kifungo cha nje. McGraw alikuwa mmoja wa wale 3. Tangazo likamwonyesha McGraw kama mtu aliyemfungulia mbakaji mlango wa shule. Mtazamaji aliyekaa sebuleni kwake hakuambiwa kwamba anayelipia lile tangazo ni bosi wa makaa mwenye rufaa ya milioni 50 njiani, aliambiwa ni kwa ajili ya watoto. Hilo linanikera mpaka leo. Kama hoja yako ni kwamba huyu jaji ni mbaya kwa biashara, simama useme hivyo, watu wakupime kwa hoja yako.

Ila haki itendeke kwa pande zote. Upande wa pili nao haukuwa maskini. Kulikuwa na kikundi kinaitwa Consumers for Justice kilichobebwa na mawakili wanaowashtaki makampuni, nacho kilitumia kama milioni 2 kwenye kinyang'anyiro hichohicho. McGraw mwenyewe alijiharibia, alikwepa midahalo na akaenda kutoa hotuba moja pale Racine sikukuu ya wafanyakazi, hotuba ya kelele na tuhuma za ajabuajabu ambayo wapinzani wake waliirusha tena na tena. Magazeti makubwa ya jimbo karibu yote, ukitoa moja, yalimuunga mkono Benjamin. Benjamin akapata kura 382,036, McGraw 334,301. Asilimia 53.3 kwa 46.7. Huwezi kusema kwa uhakika kwamba bila zile milioni 3 McGraw angeshinda, anayesema hivyo anabahatisha.

Lakini piga hesabu nyingine. Milioni 3 gawa kwa kura za Benjamin unapata chini kidogo ya dola 8 kwa kura. Milioni 3 ukiilinganisha na milioni 50 ni asilimia 6. Mfanyabiashara yeyote akiona nafasi ya kutoa 6 kuokoa 100, hata kama haina uhakika, anaiangalia mara mbili. Blankenship alisema siku zote kwamba shida yake na McGraw ni maamuzi yake kwa ujumla, kwamba anaumiza uchumi wa jimbo, na inawezekana kweli aliamini hivyo. Shida ni kwamba hatuna kipimo cha kuingia moyoni mwa mtu, ndio maana kuna sheria za kujitoa.

Niongeze kitu hapa kuhusu wapiga kura, maana ni rahisi kukaa mbali na kuwacheka watu wa West Virginia. Mimi naishi Ohio na huku pia majaji wa mahakama ya juu ya jimbo wanapigiwa kura. Mwaka wangu wa kwanza kupiga kura kama raia niliingia pale nikijua vizuri nafasi za juu, nikafika sehemu ya majaji nikasimama. Majina tu. Sikuwa najua hata mmoja. Nilikuwa na mama mmoja Mkongomani wa mtaani kwetu, tunamwita mama Furaha, tumeenda gari moja, wakati wa kurudi akaniuliza, "Mwanangu, wale majaji wewe uliwachaguaje?" Nikamwambia mama, nimeacha wazi. Akasema na yeye ameacha wazi, ila dada yake alimpigia yule aliyemwona kwenye tivii. Aliyemwona kwenye tivii, basi. Kwenye uchaguzi ambao watu hawana taarifa, tangazo moja linakuwa na nguvu kuliko kwenye uchaguzi wa rais ambako kila mtu ameshajiamulia. Mwenye hela ya tangazo ndiye anakuwa mwalimu wa mpiga kura.

Na huu utaratibu haukuanzishwa na wajinga. Mississippi ilianza kuwachagua majaji wake wote mwaka 1832, New York ikafuata 1846, na mantiki ilikuwa kwamba jaji akiteuliwa na gavana au wabunge anakuwa mtu wao, bora awe mtu wa wananchi. Ni hoja nzito hiyo. Sisi tuliotoka Tanzania tumezoea Rais kuteua majaji baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na tunajua maswali ambayo watu wanauliza pembeni. Kila njia ina mlango wa nyuma. Leo majimbo 38 ya Marekani yanatumia kura ya aina fulani kwa majaji wa mahakama zao za juu, mengine kwa ushindani kabisa, mengine kwa ile ya ndiyo au hapana tu baada ya jaji kuteuliwa. Kwa hiyo sitaki kusema kura ifutwe. Tatizo la kisa hiki liko hatua moja mbele ya kura.

Turudi Charleston.

Oktoba 2005, kabla Massey hawajawasilisha rasmi ombi lao la rufaa, mawakili wa Caperton wakaomba Benjamin ajitoe kwenye hii kesi. Na ombi linapelekwa kwa nani? Kwa Benjamin. Ndio utaratibu ulivyokuwa, jaji anayelalamikiwa ndiye anayeamua kama malalamiko yana maana. Aprili 2006 akakataa, akasema hajaona chochote kinachoonyesha kwamba ana upendeleo kwa yeyote. Desemba 2006 Massey wakawasilisha ombi la rufaa, likapokelewa.

Novemba 2007 mahakama ikafuta ile milioni 50, kwa kura 3 dhidi ya 2. Waliofuta ni Davis, Maynard na Benjamin. Hukumu yenyewe inakubali kwamba mwenendo wa Massey ulistahili hukumu ya aina ile iliyotolewa. Wanakubali kabisa. Ila wakasema kuna mambo mawili ya kisheria: kwanza mkataba wa Harman na Wellmore ulisema migogoro ifunguliwe Virginia, kwa hiyo kesi isingetakiwa kuwa West Virginia, na pili Harman walishaishtaki Wellmore kule Virginia kwa kuvunja mkataba wakapata milioni 6, kwa hiyo hawawezi kurudi na jambo lilelile. Unaweza kubishana kuhusu hizo hoja mbili, watu wenye akili zao walibishana, lakini Caperton aliyesoma hiyo hukumu alisoma hivi: umeonewa kweli, nenda nyumbani. Na mmoja wa wale 3 waliomwambia hivyo aliingia ofisini akiwa amebebwa na hela ya mshtakiwa.

Halafu zikatoka picha. Januari 2008 dunia ikaona picha za Jaji Maynard, mwingine kati ya wale 3, akiwa mapumzikoni na Don Blankenship huko pwani ya kusini mwa Ufaransa na Monaco, mwaka 2006, kesi ikiwa njiani. Maynard akasema ni rafiki yake wa siku nyingi na kila mtu alijilipia. Akajitoa. Mahakama ikakubali kusikiliza kesi upya. Jaji Starcher, ambaye alikuwa upande wa Caperton na alikuwa amemsema sana Blankenship hadharani, naye akajitoa, na wakati anatoka akaandika kwamba hela na mbinu na urafiki wa Blankenship vimekuwa saratani ndani ya mahakama, akamuomba Benjamin afanye kama yeye.

Hebu simama hapa kidogo. Majaji wawili wametoka, mmoja anayeonekana rafiki wa Massey na mmoja anayeonekana adui wa Massey. Huo ndio uungwana unaotakiwa. Anayebaki ni yule wa milioni 3. Na kwa kuwa Maynard ndiye alikuwa jaji mkuu mwaka ule na ameshajitoa, Benjamin akawa kaimu jaji mkuu kwenye kesi hii, na kazi mojawapo ya kaimu jaji mkuu ni kuchagua majaji wa kujaza nafasi zilizoachwa. Kwa hiyo mtu ambaye upande mmoja unasema hapaswi kuwepo kabisa ndiye aliyechagua wengine wawili wa kukaa naye. Simtuhumu kwamba alichagua kwa hila, mmoja wa wale wawili, Cookman, aliishia kumpinga. Nachosema ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia kaka, pisha.

Ombi la pili la kumtaka Benjamin ajitoe nalo likagonga mwamba, Caperton akaomba mara ya tatu, safari hii na matokeo ya kura ya maoni: zaidi ya asilimia 67 ya wana West Virginia walikuwa na shaka kama Benjamin anaweza kutenda haki kwenye kesi hii. Benjamin akasema ile kura ya maoni haiaminiki, akakaa. Aprili 2008 matokeo yakawa yaleyale, 3 kwa 2 kwa Massey. Sisi tuna msemo wa kesi ya nyani kumpelekea ngedere, lakini hapa ngedere alikuwa na kesi yake mwenyewe pia, ya kama anafaa kukaa, na hiyo alijihukumu mwenyewe mara 3.

Kesi ikapanda Mahakama ya Juu ya Marekani, Washington, ikaamuliwa tarehe 8 Juni 2009, majaji 5 dhidi ya 4. Jaji Kennedy aliandika kwa niaba ya wengi. Hakusema Benjamin alihongwa na hakusema Benjamin alipendelea, na mimi nadhani alifanya busara. Alisema kipimo sio moyo wa jaji bali hali ilivyo ukiitazama kutoka nje: kama mtu mwenye kesi inayoendelea au inayokaribia ametoa mchango mkubwa uliopitiliza wengine wote katika kumweka jaji kwenye kiti, basi hatari ya upendeleo ni kubwa mno kiasi kwamba katiba, kwenye kile kifungu cha haki ya kusikilizwa kwa utaratibu unaofaa, inamtaka jaji atoke. Alikumbushia kwamba tangu zamani hairuhusiwi mtu awe mwamuzi wa kesi yake mwenyewe, akasema hofu ileile inakuja mtu akichagua mwamuzi wa kesi yake bila mwenzake kuridhia. Kuna kesi ya zamani alioitegemea, ya Ohio huku, mwaka 1927, ambapo meya wa kijiji alikuwa anasikiliza kesi za pombe na analipwa kutokana na faini, akimwachia mshtakiwa hapati kitu. Haikuhitajika kuthibitisha kwamba yule meya ni mwizi. Mpangilio wenyewe ulitosha.

Jaji Mkuu Roberts akapinga, na upinzani wake watu wanaudharau bure. Aliandika maswali 40, yamepangwa kwa namba, moja baada ya lingine. Kiasi gani cha hela ni kingi mno? Je, kama mchango umetoka kwa chama cha wafanyakazi? Kama mtoaji hakumuunga mkono mgombea bali alimpinga mshindani tu? Kama jaji ameshawahi kumhukumu yule mfadhili vibaya kwenye kesi nyingine? Hili la mwisho lilikuwa la kweli kabisa, Benjamin aliwahi kupiga kura dhidi ya Massey kwenye kesi nyingine, ikiwemo moja iliyoacha hukumu ya dola milioni 243 isimame dhidi yao. Roberts aliogopa kila anayeshindwa kesi ataanza kudai jaji kanunuliwa, na mahakama zote zitachafuka kwa hizo tuhuma. Ni hofu ya haki. Lakini maswali 40 magumu sio sababu ya kuacha kujibu lile moja rahisi lililokuwa mezani. Refa akiwa amelipiwa ada ya kozi yake na mwenyekiti wa timu moja, huhitaji kitabu cha sheria kurasa 300 ili umwambie mechi hii usichezeshe, na hata akiwa mwaminifu kuliko wote, timu ya pili itakubali vipi penalti dakika ya 90?

Caperton alishinda Washington, watu wakashangilia, wengi wanaishia hapo. Novemba 2009 kesi ikarudi West Virginia, safari hii bila Benjamin. Massey wakashinda tena. Sio 3 kwa 2, bali 4 kwa 1, kwa hoja ileile ya kwamba ilitakiwa ifunguliwe Virginia. Nikikutana na mtu anayetumia hii kuonyesha kwamba kelele zote zilikuwa za bure, namwambia hapana. Haki ya Caperton haikuwa kushinda, ilikuwa kushindwa mbele ya watu ambao hawakuwekwa na mpinzani wake. Ila sitajifanya kwamba haiumi. Ilibidi aanze upya Virginia, jimbo ambalo majaji wake wanachaguliwa na bunge, huko nako Massey wakajaribu kuizuia mpaka mahakama ya juu ya Virginia ikairuhusu iendelee 2013, na 2014 juri ikampa yeye na Harman kama dola milioni 5. Kutoka kufilisika mpaka hapo ni miaka 16.

Wengine nao yalivyowakuta: Maynard alishindwa kura za mchujo ndani ya chama chake Mei 2008, miezi michache baada ya zile picha. Tarehe 5 Aprili 2010 mgodi wa Massey wa Upper Big Branch ulilipuka, wakafa wachimbaji 29, kampuni ikauzwa mwaka uliofuata, na Blankenship akatiwa hatiani Desemba 2015 kwa kula njama ya kukiuka kanuni za usalama wa migodi, akafungwa mwaka mmoja na faini ya dola 250,000. Siandiki hili kama malipo ya kesi ya Caperton, wale 29 walikuwa watu, wana familia zao, hawakufa ili kisa kikae vizuri.

Benjamin aligombea tena 2016. Jimbo lilikuwa limeshaondoa vyama kwenye uchaguzi wa majaji, na lilikuwa limeanzisha mpango wa kumlipia mgombea kampeni kwa hela ya umma ili asiombe matajiri, mpango ambao ulizaliwa moja kwa moja kutokana na aibu ya kesi hii. Benjamin akautumia. Nilivyosoma hilo nilikaa nikalitafakari sana, maana inaonekana kama mtu aliyejifunza, au mtu aliyechoka kubebeshwa jina la mtu mwingine. Alipata kama asilimia 12, akawa wa nne kati ya watano.

Mpango wa hela za umma ni mzuri, nauunga mkono, lakini hauzuii kikundi cha nje kumwaga mamilioni, na wala haugusi lile tundu la jaji kujiamulia mwenyewe. Tundu hilo majimbo yamelishughulikia kwa njia tofauti kabisa. Michigan, Novemba huohuo wa 2009, walibadilisha kanuni: jaji akikataa kujitoa, mlalamikaji anaweza kupeleka suala kwa majaji wote wa mahakama ya juu waliamue. Basi, kwisha, ni kanuni fupi tu. Ndani ya mahakama palikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu hilo lakini ikapita. Wisconsin wakaenda kinyume. Wakapitisha, 4 kwa 3, kanuni kwamba mchango wa kampeni peke yake haumlazimu jaji kujitoa, na maneno ya ile kanuni yaliandikwa na vyama vya wafanyabiashara ambavyo vyenyewe vinatumia hela kwenye chaguzi za majaji. Januari 2017 majaji wastaafu 54 wa Wisconsin waliiomba mahakama yao iweke kiwango, yaani mchango ukizidi hapa jaji anatoka. Majaji wastaafu 54, watu waliokaa kwenye hivyo viti wenyewe. Aprili wakakataliwa 5 kwa 2.

Miaka 8 baadaye, Januari 2025, kampuni ya Tesla ikaishtaki serikali ya Wisconsin kuhusu sheria inayowazuia kuuza magari yao wenyewe bila wakala. Muda mfupi baada ya hapo Elon Musk, bosi wa Tesla, na vikundi vyake wakaanza kumwaga hela kwenye uchaguzi wa kiti cha mahakama ya juu ya jimbo hilohilo, wakapita dola milioni 20, wakimuunga mkono mgombea Brad Schimel. Uchaguzi mzima, pande zote mbili, ulikula kama dola milioni 100, haijawahi kutokea kwenye uchaguzi wa jaji Marekani, na upande wa mpinzani wake, Susan Crawford, nao ulikuwa na mabilionea wake. Tarehe 1 Aprili Crawford akashinda kwa kama pointi 10, kwa hiyo swali la Tesla na Schimel halikufika popote. Lakini kama Schimel angeshinda na ile kesi ingepanda mpaka pale juu, ombi la kumtaka ajitoe lingepelekwa mezani kwa Schimel.